Maswali ya Wasomaji: Mpe Jembe, Usimpe Hati ya Shamba

Safari hii barua nyingi kuhusu programu huria, zile ambazo msimbo wake (maandishi ya programu) uko wazi kwa wote, zinazunguka jambo moja: nani aongoze mradi, na aaminiwe kwa kipimo gani. Tumechagua saba. Ndefu tumezifupisha, na majina ya miradi tumeyaondoa.

Ndugu wahariri, natunza maktaba ya msimbo, ya kusoma faili za picha, na nipo peke yangu tangu ianze. Kwa miezi minane mtu mmoja amekuwa akituma viraka (marekebisho ya msimbo) vizuri, na sasa anaomba haki ya kuandika kwenye repo (ghala la msimbo) na kutoa matoleo. Simjui sura wala jina halisi. Watumiaji wawili nao wananisukuma, wanasema nimechoka, nimwachie. Nifanyeje? – Mtunzaji Mpweke

Ndugu Mtunzaji, anza na hao wawili wanaokusukuma. Fungua akaunti zao uone zilianzishwa lini, zimewahi kuripoti hitilafu gani, na kama kuna dalili yoyote kwamba wanaitumia maktaba yako. Barua yako inafanana mno na kisa cha xz, programu ya kubana faili iliyomo karibu katika kila Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alianza kutuma viraka mwaka 2021. Mwaka 2022 zikaibuka akaunti zisizo na historia, zikimlaumu mtunzaji kwa kuchelewa na kumtaka aongeze mtu, ilhali mwenyewe alikwisha kueleza hadharani kwamba kazi ile ni ya kujitolea na hali yake haimruhusu kufanya mengi. Jia Tan akapewa haki. Februari na Machi 2024 akatoa matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakiwa na mlango wa siri uliolenga seva za SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali. Tarehe 29 Machi Andres Freund, mhandisi anayejulikana kwa kazi yake kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, akautangaza baada ya kuona kuingia kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida.

Wapo waliosema dawa ni kudai jina halisi na kitambulisho. Hatukubaliani nao. Kitambulisho hughushiwa, na kuna watunzaji wema kabisa wanaotumia majina ya kubuni miaka nenda miaka rudi. Viraka vingi vya Jia Tan vilikuwa vya kweli na vyenye manufaa; miaka miwili ya kazi njema ni mtaji tu kwa mtu mwenye subira. Moyo wa mtu hutaweza kuupima. Funguo unazomkabidhi unaweza kuzihesabu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haya, mpe jembe, lakini hati ya shamba ibaki kabatini. Haki za mradi ni nyingi, na kila moja ina ufunguo wake: kupanga tiketi (ripoti na maombi ya watumiaji), kuunganisha msimbo, kutoa toleo, kumiliki repo, kumiliki jina la kifurushi kwenye npm au PyPI (ghala za mtandaoni za vifurushi vya programu), kumiliki anwani ya tovuti, kusoma barua pepe za usalama, kutia saini. Kosa la kila siku ni kukabidhi shada zima kwa mara moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa event-stream mwaka 2018: mtunzaji aliyechoka alimpa mradi mtu aliyejitolea kusaidia, na muda si mrefu maktaba hiyo ikawa inavuta kifurushi kiitwacho flatmap-stream, chenye msimbo wa kuiba bitcoin kutoka pochi ya Copay.

Kwa hiyo, miezi miwili ya kwanza mpe kupanga tiketi tu. Hapo utaona kama anasoma ripoti hadi mwisho na kama anaweza kumwambia mtu "hapana" bila kumvunjia heshima, jambo ambalo viraka havionyeshi. Kisha mpe kuunganisha, tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo) likiwa limefungwa: kila badiliko lipitiwe na mtu ambaye hakuliandika, idhini ifutike msimbo ukiongezwa baada yake, na sheria hiyo ikubane hata wewe mwenye repo. Bila hilo la pili, mtu hupata idhini kwa badiliko safi kisha akabandika lingine dakika ya mwisho. Mkiwa wawili tu utaratibu huu utawachelewesha, na mtashawishika kuulegeza kwa "dharura". Andikeni mapema dharura ni nini. La sivyo kila Ijumaa jioni itakuwa dharura.

Haki ya kutoa toleo ije mwisho, na toleo lisitoke kwenye kompyuta ya mtu. Hapo ndipo xz ilipovuja. Hati ya ujenzi iliyowasha mlango wa siri, build-to-host.m4, ilikuwa ndani ya kifurushi cha toleo lakini haikuwamo kwenye repo. Mzigo wenyewe ulijificha ndani ya faili za majaribio, zile za binari (zisizosomeka kama maandishi) ambazo hakuna anayezifungua. Jenga toleo kwenye seva ya ujenzi, kutoka kwenye tagi (alama ya toleo ndani ya repo), kumbukumbu zikionekana na wote. PyPI tangu 2023 inaruhusu seva hiyo kuchapisha bila tokeni (ufunguo wa kuchapisha) ya kudumu, kwa hiyo hakuna cha kuibwa kwenye kompyuta ya mtu. Na mara moja moja pakua kifurushi ulichokwisha kutoa, toa nakala ya tagi hiyohiyo kwa `git archive`, kisha zilinganishe kwa `diff -r`. Kila faili iliyozidi iwe na maelezo. Usitulizwe na saini: vifurushi vile vya xz vilikuwa na saini halali. Saini inakuambia nani kafunga mzigo, haikuambii kilichofungwa.

Ukipitia mabadiliko yake, macho yaende yasikopenda kwenda: hati za ujenzi, faili za binari, na lolote linalozima ukaguzi. Mwaka 2023 Jia Tan aliomba OSS-Fuzz, huduma ya nje inayojaribu programu kwa data za kubahatisha, izime kipengele kimoja wakati wa kuijaribu xz. Lililofuata lilikuwa dogo zaidi: nukta moja. Katika hati ya CMake, zana ya ujenzi, kulikuwa na kipande kifupi cha lugha ya C cha kupima kama mashine ina ulinzi wa Landlock, unaobana programu isiguse isichohitaji. Nukta ikawekwa peke yake kwenye mstari. Kipande hakikujengeka tena, hati ikahitimisha kwamba mashine haina Landlock, na ulinzi ukazimwa kimyakimya. Anayesoma harakaharaka huona vumbi kwenye skrini.

Ikiwa mgeni wako ni mwaminifu, utaratibu huu hautamkera. Ukimkera, una jibu.

Tuko saba wenye haki ya kuunganisha. Kila pendekezo kubwa hugeuka mjadala wa wiki sita, kisha hufa. Mwanzilishi hataki kuamua, anasema sote ni sawa. Tupige kura? – Saba Tusio na Kichwa

Manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini chombo chenu kimetia nanga tu. Mnachokosa ni saa, yaani muda unaojulikana ambao ukipita, uamuzi umefanyika. Kura iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu kila kura huacha walioshindwa.

Shirika la Apache, mlezi wa miradi mingi huria, lina utaratibu ambao miradi mingi imeuiga, nanyi mnaweza kuuchukua ulivyo. Mwenye wazo analiandika na kutangaza kwamba pasipo pingamizi ndani ya saa 72, anaendelea. Kimya ni ridhaa. Saa 72 zimewekwa ili watu wa kila pembe ya dunia na wenye ajira wapate kusoma, basi msizianzishe Ijumaa usiku. Mwenye maoni anaandika +1, 0 au -1. Kwenye mabadiliko ya msimbo -1 moja inasimamisha kila kitu, ila lazima ije na sababu ya kiufundi. Bila sababu haihesabiwi. Kwenye kutoa toleo mambo ni tofauti: zinatakiwa +1 zisizopungua tatu kutoka kwa wanakamati, na ziwe nyingi kuliko -1, na hakuna mtu mmoja anayeweza kulizuia. Tofauti hiyo ina maana yake. Msimbo uliokataliwa huandikwa upya na mambo yakaendelea. Toleo likiweza kuzuiwa na mtu mmoja, huyo ameushika mradi mateka, na watumiaji wanaosubiri marekebisho ya usalama ndio wanaoumia.

Kinachoua mijadala yenu, tunavyodhani, ni sentensi kama "sijaridhika sana na hili". Haizuii, hairuhusu, na inazaa majibu arobaini. Mtakeni kila mmoja aweke namba. Anayeweka -1 aseme pia ni kitu gani kikibadilika ataiondoa. Asipoweza kukitaja, hana pingamizi la kiufundi. Ana huzuni, na huzuni huzungumzwa pembeni.

Kura halisi ibaki kwa mambo manne: kubadili leseni, kumwondoa mtu, kutumia fedha za mradi, na kubadili utaratibu wenyewe. Wekeni theluthi mbili, ambayo kwa watu saba ni kura tano. Andikeni kabisa kama ni theluthi mbili ya waliopiga au ya wote, maana siku ya ugomvi ndipo mtagundua kwamba wawili wako likizo. Machaguo yakifika matatu, msiulize "ndiyo au hapana" kwa kila moja. Pangeni kwa kupendelea, kama mradi wa Debian: kila mpiga kura anaorodhesha kuanzia analolitaka zaidi, na kwenye karatasi kuna pia chaguo la kuyakataa yote. Chaguo hilo msilidharau. Linaonyesha tofauti kati ya pendekezo lililopendwa na lile lililokuwa baya kidogo kuliko wenzake.

Kuhusu mwanzilishi wenu: kiti kisichokaliwa hukaliwa na mwenye muda mwingi zaidi, ambaye aghalabu si mwenye busara zaidi. Akitaka kuacha kuamua, aache kwa maandishi na aseme madaraka yanakwenda wapi. Guido van Rossum, mwanzilishi wa lugha ya Python, alipojiuzulu mamlaka ya uamuzi wa mwisho, tarehe 12 Julai 2018, baada ya mzozo kuhusu PEP 572 (PEP ni pendekezo rasmi la Python), hakuteua mrithi wala hakukuwa na utaratibu ulioandikwa. Ilichukua hadi Desemba kwa wanajamii kuandika mapendekezo shindani ya uongozi na kuchagua moja, PEP 8016: baraza la watu watano, linalochaguliwa upya baada ya kila toleo kubwa, wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja, na linaweza kuondolewa kwa theluthi mbili ya kura. Python ina watu wa kutosha kuvumilia miezi kama hiyo. Ninyi saba hamtaiweza. Ukurasa mmoja unatosha: nani ana haki gani, anaipataje, anaipotezaje, uamuzi unafanyikaje, ukurasa wenyewe unabadilishwaje.

Mtu akiondoka kwa amani, tena rafiki yetu, ni lazima tumfutie haki zake? Tunaona kama kumtukana. – Msomaji

Ndiyo, wiki hiyohiyo. Akaunti inayolala ndiyo rahisi kutekwa, kwa sababu mwenyewe hatagundua. Andikeni kwenye utaratibu kwamba asiyefanya kazi miezi sita anahamia orodha ya watunzaji wastaafu, jina lake likibaki kwa heshima, na akirudi atarejeshewa kwa kuomba tu. Likiwa kanuni kwa wote, hakuna anayetukanwa.

Mwanzilishi wetu hajaonekana kwa miezi kumi na minne. Repo tunayo, lakini jina la kifurushi kwenye PyPI na anwani ya tovuti viko kwa jina lake. Tufanye nini kwanza? – Yatima wa Msimbo

Anwani ya tovuti kwanza, leo. Ulizeni `whois`, amri ya kutazama usajili wa anwani, itaisha lini. Ikiwa barua pepe aliyojisajilia PyPI inatumia anwani hiyo, basi siku itakapoisha mtu yeyote ataweza kuinunua, kujitengenezea barua pepe ileile, na kujaribu kuomba nywila mpya ili achukue kifurushi. Hiyo si dhana. Ndivyo kifurushi cha ctx kilivyotekwa mwaka 2022. Andikieni PyPI mapema mkieleza hatari hiyo, na muwe tayari kuinunua anwani yenyewe ikianguka.

Kisha fuateni PEP 541, kanuni inayoongoza majina ya vifurushi huko. Mradi huhesabiwa umetelekezwa yakitimia mambo matatu kwa pamoja: mmiliki hapatikani, hakuna toleo kwa miezi 12, na hakuna dalili yake kwenye ukurasa wa mradi. Wasimamizi watajaribu kumpata mara tatu, na huacha baada ya wiki sita. Ninyi mtangulie: mwandikieni kwa njia zote mlizo nazo, wekeni tarehe ya kila jaribio, na muweze kuonyesha kwamba mmekuwa mkiutunza msimbo kweli. Ombi lisilo na ushahidi hukwama, na ni haki likwame, kwa sababu mwizi naye huandika barua hiyohiyo.

Mkishapata, msirudie kosa lake. Kila ufunguo uwe na watu wawili, wala nywila isiwe moja ya kushirikiana: kila mtu na akaunti yake, yenye uthibitisho wa hatua mbili. Kwenye npm amri ya `npm owner ls` ikifuatwa na jina la kifurushi itawaambia nani anamiliki. Kujua kazi yenyewe inamtegemea nani, endesheni `git shortlog -sn --no-merges --since="1 year ago" HEAD`. Mstari wa kwanza ukibeba zaidi ya nusu ya mabadiliko yote, mradi wenu una mtu mmoja hata kama ukurasa unataja kumi.

Kampuni moja imeajiri watunzaji wetu watatu kati ya watano. Kazi imeongezeka kasi, tunashukuru. Sasa wanataka kila mchangiaji asaini mkataba wa uchangiaji. Ni mtego? – Mwenye Shaka

Si lazima uwe mtego, ila usomeni kwa kutafuta kitu kimoja: je, anayepokea haki anaweza kutoa msimbo wenu chini ya leseni nyingine, isiyo huria? Mikataba mingi ya kampuni inaruhusu hivyo. Apache nayo inataka mkataba, lakini mpokeaji ni shirika lisilo la faida lenye wanachama wanaopiga kura. Karatasi hazitofautiani sana. Anayezipokea ndiye anayetofautiana.

Kama shida yao ni kujua tu kwamba mchangiaji ana haki ya kutoa alichokiandika, wapeni cheti cha asili cha mchangiaji, kinachotumika kwenye kerneli (kiini) ya Linux tangu 2004. Mchangiaji anaandika `git commit -s`, mstari wa Signed-off-by wenye jina na barua pepe yake unaongezwa, naye kwa mstari huo anathibitisha kwamba ana haki ya kutoa msimbo huo chini ya leseni ya mradi. Hamkabidhi mtu mwingine lolote la ziada. Kampuni ikikataa cheti hicho na kushikilia mkataba, waulizeni hadharani wanakusudia kufanya nini ambacho cheti hakiwaruhusu. Jibu litawafundisha mengi.

Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform, zana yake ya kusimamia miundombinu ya seva, kwenye leseni huria ya MPL na kuiweka kwenye leseni ya BSL, ambayo si huria. Septemba, OpenTofu ilikuwa imeingia taasisi ya Linux Foundation kama mrithi huria. Machi 2024 hifadhidata ya Redis ikafanya kama hayo, na mrithi wake huria, Valkey, ikazaliwa mwezi huohuo. Angalieni tofauti lakini: Redis ilikuwa chini ya BSD, leseni laini inayomruhusu mtu yeyote kuufunga msimbo katika matoleo yajayo, kwa hiyo kukataa mkataba hakuwalindi kama leseni yenyewe imeacha mlango wazi. (Mei 2025 Redis ilirudi na leseni huria ya AGPL kama chaguo. Wakati huo wengi walikwisha kuhama.)

Watatu kati ya watano linatusumbua zaidi kuliko mkataba. Chukueni kanuni ya Python, wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja, na muiweke sasa mkiwa bado mnapendana. Haki ya kuunganisha iwe ya mtu, isiwe ya ajira yake: akihama kazi anabaki nayo, na mrithi wake wa kazini haipati bila kuifanyia kazi. Jina na nembo ya mradi visajiliwe kwa taasisi isiyo ya kampuni. Waliotoka kwenye programu ya ofisi ya OpenOffice mwaka 2010 walilazimika kuanza na jina jipya, LibreOffice, kwa kuwa la zamani lilibaki mikononi mwa kampuni ya Oracle. Mwaka uliofuata Hudson, programu ya kujenga na kujaribu msimbo, ikawa Jenkins kwa mgogoro huohuo wa jina.

Na mtazame mabadiliko yanavyofika. Mkiona viraka vikubwa vinatua vikiwa vimeshakubaliwa, na mjadala wenu una ujumbe mbili tu za pongezi, ujue uamuzi ulifanyika kwenye mkutano wa kampuni. Warudisheni kwa upole: kazi ni nzuri, tuandikieni sababu, saa 72 zinaanza leo.

Mchangiaji wetu bora ni mkali mno. Wapya wawili wameondoka. Tukimgusa, nusu ya msimbo inabaki bila mjuzi. – Kati ya Moto na Maji

Huo wa nusu ya msimbo ndio ugonjwa. Ukali ni homa yake. Anzeni leo kumweka mtu wa pili kwenye kila sehemu anayoishika peke yake, kwa sababu hata asipofukuzwa ataugua au ataoa.

Kuhusu ukali, kanuni za mwenendo peke yake ni karatasi. Lazima zitaje watu wasiopungua wawili wa kupokea malalamiko, ili akilalamikiwa mmoja, mtu aende kwa mwingine, muda wa kujibu, na ngazi za hatua: onyo la faragha, kusimamishwa wiki, kuondolewa. Kwenye onyo mnukuu sentensi yenyewe na muandike namna gani ingesemwa, maana watu wengi wakali wanajiona wanasema ukweli tu. "Hiki kiraka ni takataka" kinakuwa "kiraka hiki kinavunja usomaji wa faili zilizozidi GB 4, angalia mstari wa 212". Ukweli umebaki, tena umeongezeka. Hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, Septemba 2018 aliomba radhi kwa namna alivyokuwa akiwaandikia watu, akapumzika wiki kadhaa, na kerneli ikapata kanuni za mwenendo.

Mwenye kusimamia kanuni awe na uwezo juu ya viongozi pia. Timu ya usuluhishi ya lugha ya Rust ilijiuzulu yote Novemba 2021 ikisema timu kuu haiwajibiki kwa yeyote. Mradi ulikuja kuunda baraza jipya la uongozi mwaka 2023.

Tumechoka na viongozi wa mradi wetu. Tunafikiria kuuchukua msimbo na kwenda zetu. Tuanzie wapi? – Wanaofunga Virago

Kujitenga huko tunakuita foki, kwa kuwa neno mchepuko limekwisha kuchukuliwa na mambo mengine.

Leseni huria inawaruhusu, na kitisho hicho ndicho kinachowafanya viongozi wengi wasikilize. Ila hesabuni watu kwanza, msimbo baadaye. Nani kati yenu anajua kutoa toleo mwanzo hadi mwisho? Nani anapitia viraka vya wengine, tofauti na kuandika vyake? Nani atalipia seva za ujenzi? Mkiwa na waandishi watano na mpitiaji sifuri, foki yenu itakwama kama mradi mliouacha, na pengine vibaya zaidi. Kabla ya kwenda, wapeni viongozi dai moja lililo wazi na tarehe: "tunataka wawili waongezwe kwenye kutoa matoleo ifikapo tarehe fulani". Manung'uniko ya jumla hayajawahi kukubaliwa wala kukataliwa na mtu.

Jitayarisheni pia kurudi. EGCS ilijitenga na GCC, zana ya kugeuza msimbo kuwa programu, mwaka 1997, na mwaka 1999 ikafanywa GCC rasmi. Io.js ilijitenga na Node.js, jukwaa la kuendeshea JavaScript, mwishoni mwa 2014, na Septemba 2015 vikatoka pamoja kama Node.js 4.0. Kurudi huwa rahisi historia ya msimbo ikibaki moja na viraka vikiendelea kupita pande zote. Kwa hiyo msifute historia ya git, msibadilishe mpangilio wa nafasi na mabano kwenye faili zote wiki ya kwanza (kuna kila mara mtu anayetaka), na msiondoe majina ya walioandika.

Toleo la kwanza lisiwe na kipya chochote. Badilisheni jina, nembo, anwani ya kuripoti usalama, na mahali programu inapotafuta masasisho. Hili la mwisho husahaulika, na foki yenu ikajisasisha kurudi kuwa programu ya zamani. Lijaribuni kwenye mashine tupu kabla ya kutangaza.